Mandazi Yaliyoungua

Ijumaa, Ramadhani, 1974

Kibera yote itambue: mandazi yangu ya futari yameungua. Mume wangu nimemwambia jiko lilizidi moto.

Magharibi wanaume walikuwa msikitini. Mama, anayetuswalisha sisi wanawake nyumbani, amekauka sauti, na naogopa haitarudi. Akaninyooshea kidole mimi, ninayesahau hata chumvi.

Nikaenda kusimama mbele, peke yangu. Mama akanivuta kanga. Dada yangu akacheka: "Rudi kwa mstari, shehe. Mwanamke anatuswalisha akiwa katikati yetu."

Alhamdu sikuisahau. Nilipoimaliza, "Amin" ikanijia kulia na kushoto. Ya Mama haikusikika, ila niliihisi bega lake lilipotetemeka kwenye langu.

Ukweli ni huu: harufu ya kuungua niliisikia. Baada ya salamu hakuna aliyeinuka, nami sikutaka kuwa wa kwanza.