Nimekinoa Kisu Kisicho Changu

Mpendwa Mama Mbonile, mshauri wetu wa gazetini,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Mollo, hapa Sumbawanga. Mimi Rozina sijambo kidogo, mzee wangu Kornel hajambo ila mgongo unamsumbua tangu tumalize kuvuna mahindi, mama mkwe wangu bibi Luciana yupo, macho yamefifia lakini masikio yanasikia hata kile usichotaka asikie, Flavian yuko kidato cha pili anakusalimia, Bertilla kitinda mimba wangu naye anakusalimia na amesema nikuambie nguruwe wetu amezaa tisa na wote wananyonya, na Edith mkubwa wangu angekusalimia pia ila hajui kama nakuandikia na nisingependa ajue. Baada ya salamu mama, naomba msaada wako maana moyo wangu hautulii, niliishia darasa la nne, ukiona mahali nazunguka nivumilie, nitafika.

Jambo lenyewe ni kisu. Nataka uniambie kama ni kitu cha kununua au kirudi dukani. Sio kisu cha jikoni, ni cha kukunja, kinaingia mfukoni, mpini wake mti mwekundu umelainishwa kama shavu la mtoto, na ubavuni kina ulimi mdogo wa shaba wa kuinulia gome la mti. Kimetoka Ulaya. Bei yake laki moja na themanini, nilipoisikia nilitafuta kigoda.

Edith ana miaka ishirini na mbili na kazi yake ni kubebesha miche ya parachichi, yaani anachukua mche ulioota kwenye kokwa, anaukata kichwa, anachonga kijiti cha mti unaozaa vizuri, anavilaza pamoja na kuvifunga nailoni mpaka vishikane viwe mti mmoja. Miaka miwili amefanya kazi hiyo kwa wembe, na wembe mama hauna huruma, unapinda kwenye mti unakuja kunyooka kwenye kidole, vidole vya mwanangu ukivitazama unaweza kudhani ana miaka sitini. Miche kumi akibebesha, ikishika sita tunashukuru.

Basi Yoramu mwenye duka la pembejeo mjini, mtu wa Mbeya, ana maneno mengi ila roho yake nzuri, akamwambia kaa nacho mwezi mzima, kikikufaa tutaelewana, kisipokufaa kirudishe kama kilivyo. Mama hilo neno lishike, kama kilivyo.

Kilipofika nyumbani Kornel alikigeuza geuza akauliza kama kinalima pia kama lile plau aliloleta yeye nyumbani, maana kwa bei hiyo kisiwe kinakaa tu mfukoni. Bibi Luciana akasema awekewe chini, kwake kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, akakiokota, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio, akasema babu zake walifua chuma hapahapa Ufipa kabla ya maduka na hiki ni chuma. Mmoja anakataa, mmoja anakubali, na mimi katikati kama ukuni kati ya mafiga.

Halafu siku ya jumuiya, tumekusanyika kwa jirani yetu Silvana, tunapiga magoti, kisu kikamdondoka Edith mfukoni kikalia sakafuni. Silvana akasema, "Edith mwanangu, umekuja kusali au kuchinja?" Edith akajibu, "Nimekuja kusali mama, kuchinja mpaka Krismasi." Watu walicheka mpaka kiongozi akaanza upya Salamu Maria. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza watasema nini njiani, binti wa Rozina anatembea na kisu.

Lakini mama, kisu kile kilifanya kazi. Miche ishirini ya kwanza aliyobebesha nacho, kumi na nane imechipua, nimeihesabu mwenyewe kila asubuhi kabla sijawasha moto. Habari zikafika Chala, kikundi cha wakulima kule wakamwita akawabebeshee miche mia sita, aanze Jumatatu ijayo. Mwanangu akaanza kuimba akiosha vyombo, na Edith nje ya kwaya sio mtu wa kuimba.

Sasa nifike. Huku kwetu ulezi tunauvuna kwa visu vidogo, unakata suke moja moja, na msimu ukianza wanawake wa mtaa mzima wananiletea visu vyao niwanolee, sijisifu, ndivyo ilivyo, tuna jiwe letu la mtoni alilolikuta bibi Luciana alipoolewa na kwenye jiwe hilo hakuna anayenizidi. Jumatano iliyopita Edith alikwenda kwaya, kisu kakiacha mezani. Nikakifungua nikitazame tu. Nikaona kimenolewa upande mmoja, upande wa pili bapa kabisa, haujaguswa. Nikasema moyoni, kumbe mwanangu anauziwa kazi nusu, hawa watu wa Ulaya walichoka katikati. Nikamwagia jiwe maji nikakinoa ule upande wa pili, polepole, kwa upendo wote mama, kama ninavyonoa kisu cha ulezi, nikakisugua kwa majivu kikang'aa hata alama ya jiwe isionekane, nikakirudisha pale pale. Sikusema kitu. Nilitaka aone tofauti mwenyewe.

Tofauti aliiona. Kesho yake alirudi kutoka kwenye kitalu jua bado liko juu, akakaa mlangoni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mama, sikati tena. Mkato wangu unapinda, nikilaza kijiti kinacheza."

Nikamwambia labda kisu. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole chake, akasema upande huu bapa ndio unaolaza mkato, ndio maana hawaunoi, na kisu hiki kimekata wiki tatu bila kosa. "Kisu hakina kosa mama. Ni mkono wangu umeharibika."

Mama Mbonile, nilijua hapo hapo ni jiwe langu. Nikaingia jikoni nikabandika maji ya ugali. Alirudia wembe akajikata kidole gumba. Sasa anasema Jumamosi anamrudishia Yoramu kisu chake, anawaambia watu wa Chala watafute mwingine, na yeye anakwenda Tunduma kwa mama yake mdogo kuuza dukani, kazi ya kuuza haihitaji mkono. Kornel anasema si nilisema. Bibi Luciana ananitazama tu kwa macho yale yaliyofifia. Na mimi nasonga ugali.

Kwa hiyo nakuuliza kama kisu cha bei hiyo kinafaa kununuliwa. Kama hakifai basi kirudi, na jambo hili liishe bila mimi kufungua mdomo. Kama kinafaa, nina ulezi nimeuweka, nitauuza nimwongezee. Lakini kama kinafaa kitafaa nini kwa mtu anayeamini hana mkono? Naomba unijibu upesi mama yangu, leo kama inawezekana, Jumamosi haiko mbali. Usipige kwa Edith. Piga kwa Silvana, namba nimeiandika nyuma ya karatasi, ila yeye usimwambie kitu, mdomo wake hauna kitasa.

Wako katika Kristo,
Rozina, mama Edith


MAMA MBONILE ANAJIBU

Mama Edith, milele amina. Salamu za wote nimezipata, na mpe Bertilla hongera za nguruwe. Barua yako nimeirusha mbele ya barua arobaini zilizotangulia, wenyewe watanisamehe. Jibu hili nakusomea kwa simu ya Silvana, na nimeshamwomba Silvana aende akachote maji.

Umeniuliza kama kisu kinafaa. Kwa mtu anayebebesha miche mitatu nyuma ya nyumba yake kila mwaka, hakifai, wembe unamtosha. Kwa anayekula kwa kazi hiyo, kinafaa, na wewe jibu ulikuwa nalo kabla hujashika kalamu. Kumi na nane kati ya ishirini, Rozina. Umeihesabu mwenyewe kila asubuhi. Mzee Kornel akiuliza tena kama kinalima, mkumbushe siku alipoleta plau nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuendelea na jembe la mkono. Kisu cha Edith ndio plau lake, tofauti ni kwamba kinaingia mfukoni. Na wanaozungumza njiani kuhusu binti mwenye kisu, hao hao kesho watakuja kuomba miche.

Lakini hukuniandikia kurasa nne kwa sababu ya bei. Ulitaka niseme kisu hakifai ili upate mahali pa kujificha. Sisemi.

Sikugombezi kwa kunoa. Nilimpigia mtaalamu mmoja wa miche, bwana Oswaldi, amebebesha kwa miaka kumi na tano, nikamsimulia bila kutaja jina. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema kisu chake cha kwanza alikiharibu vivyo hivyo, tena yeye alikuwa ametoka chuoni na cheti mkononi. Mkono uliozoea visu vya ulezi ukiona upande bapa lazima uwashe. Kunoa lilikuwa kosa la upendo, nalo lina dawa.

Kosa lako ni siku zilizofuata. Mtoto amekaa mlangoni anakwambia mkono wake umeharibika, wewe unajua ni jiwe, na unasonga ugali. Unamwogopa Yoramu? Unaogopa kuchekwa? Kisu kikiharibika dukani kuna kingine. Mtu akishaamini hana mkono, nani atamuuzia mwingine? Atakaa Tunduma anapima sukari, miaka itapita, na kila akiona mparachichi atageuza uso. Hilo ndilo unaloliuza kwa kimya chako, mama, na bei yake inapita laki na themanini.

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla hujaweka sufuria, mwite Edith mkae wawili. Usianze na jiwe. Usianze na machozi wala na "mwanangu nilitaka kukusaidia," hayo yanamfanya aanze kukubembeleza wewe. Anza na maneno haya: mkono wako mzima, mimi ndiye niliyekinoa kisu. Halafu nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize, ni haki yake. Akicheka, cheka naye.

Mkishamaliza, shikeni kazi. Oswaldi anasema tafuteni kipande cha kioo, hata cha dirisha lililovunjika, na msasa wa maji ule laini kuliko wote, unapatikana kwa mafundi wa magari. Lazeni msasa juu ya kioo, tieni maji, mlaze kisu upande bapa ulale wote, usinyanyuke hata unene wa unywele, kisha msugue mpaka upande mzima ung'ae sawasawa. Itachukua muda, nendeni nao. Na anayesugua uwe wewe, Rozina. Mkono wa kunoa unao, ulichokosa ni kuambiwa. Edith akae karibu akuelekeze.

Kisha mjaribu. Akate kijiti kibichi mara mbili, avilaze vipande viwili pamoja na kuviinua juani. Mwanga usipopenya katikati, kisu kimepona. Ukipenya, sugueni tena.

Ijumaa mwende kwa Yoramu wote wawili na umwambie ukweli. Alisema kirudi kama kilivyo, nacho hakiko kama kilivyokuwa, kwa hiyo hakirudi. Umekinunua siku ulipokiweka kwenye jiwe. Uza ulezi wako ulipe sehemu yako, Edith alipe yake kutokana na kazi ya Chala, na Yoramu akiwa na roho nzuri kama unavyosema atawapa nafasi. Ila usimwambie Edith kwamba umemzawadia. Hiyo ni fidia, mama, sio zawadi, na fidia hailipwi kwa kujisifu. Na baada ya hapo kisu hicho kisikate kitunguu, kisichune kuku, kisikopeshwe kwa jirani, hata jirani aliye na simu.

Mwisho, barua yako nimeiweka kwenye droo. Umetaja watu kwa majina na sitayabadilisha, lakini haitoki gazetini mpaka Edith mwenyewe anipigie aniambie itoke. Kwa hiyo kama hukumwambia, mimi nitajua. Nenda sasa, mrudishie Silvana simu yake.

*Barua hii imechapwa kwa ruhusa ya Edith, aliyepiga simu Jumatatu saa moja asubuhi akiwa kwenye basi la Chala.*