Mtoto Hupona, Rangi Haiponi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usiiruke barua yangu ukiona inaanza na gari, maana najua wanawake wenzangu wanakuandikia kuhusu waume wasioleta hata baiskeli nyumbani na mimi nitaonekana nalalamikia neema, lakini shangazi, naandika huku mdogo amelala mapajani na mkubwa ananiuliza tunakwenda wapi kwa sababu ameona nimetoa begi uvunguni.

Mume wangu ni fundi wa rangi za magari. Tangu ujana wake kazi yake ni kupiga rangi magari ya watu, lililogongwa, lililokwaruzwa, lililopauka, na mkono wake ni mzuri, watu wanatoka mbali kumfuata. Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya wavulana watupu, hajawahi kuvaa shati ambalo halikuanza kwa kaka zake, hata viatu vya harusi yetu vilikuwa vya kaka yake mkubwa, tukasokota karatasi mbele visimpwaye. Kwa hiyo alipopata sehemu yake ya urithi akanunua gari jipya la mbio, milango miwili, jekundu kama pilipili iliyoiva, mimi sikununa ingawa watoto hawana hata pa kukaa humo ndani, nilipiga vigelegele kabisa, nikasema acha na yeye aanze kitu. Siku ile alilizunguka polepole akaniambia kwa sauti ndogo, "Mke wangu, hili halijaguswa na mtu."

Tatizo, shangazi, mpaka leo halijaguswa na mtu.

Kwanza aliukata mti wa uani, akasema unadondosha utomvu na ndege wanaukalia, na kinyesi cha ndege kinakula rangi kama tindikali, na kamba yangu ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa kwenye mti huohuo. Kisha gari likahamia barazani kwenye bati, watoto wakahamia ndani, na ndege walipoanza kutua ukingoni mwa bati nikapewa fagio, yaani mama mzima mwenye mtoto mgongoni nashinda naamia ndege kama niko shambani. Halafu zikaanza kupotea nepi za mtoto, zile za kitambaa, nikamshuku jirani wa watu bure, kumbe baba mtu amezichagua zile laini zilizofuliwa sana, anasema kitambaa kigumu huacha mistari ambayo mimi siioni lakini jua linaiona. Mtoto namfunga vipande vya shuka. Ukipita barazani uvue mkanda, uvue bangili, funguo uache ndani. Mama yangu alipokuja kututembelea aliombwa aweke mkoba chini kwa sababu una zipu, akauliza, "Mkwe wangu, hili ni gari au ni mgonjwa aliyepasuliwa?" Tukacheka, hata mume wangu alicheka, lakini mkoba uliwekwa chini. Pete yake ya ndoa nayo aliivua, inakwaruza, iko kwenye kikombe cha vijiko, kila nikichukua kijiko cha kumlishia mtoto naiona.

Hayo yote niliyabeba. Nani anavunja nyumba kwa ajili ya nepi?

Wiki iliyopita akalipaka gari dawa ya kulinda rangi, ile inayokauka ikawa kama kioo, na sharti lake lisiguswe na maji mpaka ikauke kabisa. Kesho yake mchana mvua ikashuka, na mkubwa wangu, msichana wa miaka minne, akabanwa na kifua. Ana pumu. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, haikusaidia, nikaona mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, nikamkimbilia baba yake barazani.

"Washa gari, mtoto hapumui!"

Akamtazama mtoto, akatazama mvua, akatazama gari. Shangazi, kule kutazama kwa tatu ndiko kulikonimaliza.

"Inakaribia kukatika," akasema. "Tusubiri kidogo tu."

"Nini inakaribia kukatika, mvua au pumzi ya mwanao?"

"Dawa bado mbichi, mke wangu. Ngoja nimpigie mtu wa teksi." Na akaanza kuitafuta namba, nepi bado iko mkononi.

Sikungoja. Nilitoka na mtoto mvuani, na muuza maziwa mmoja mwenye kigari kilichobonyea kila upande akatupakia katikati ya madebe yake bila hata kuuliza tumelowa kiasi gani. Zahanati wakamwekea hewa. Muuguzi akaniambia, "Mama, mngechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine."

Tuliporudi mvua imekatika, nilimkuta amechuchumaa anakausha matone yaliyorushwa na upepo kwenye boneti. Alipotuona alilia, sikudanganyi, alimpokea mtoto akamkumbatia. Nikamuuliza, angekufa je? Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayenifariji, "Si amepona? Mtoto hupona, mke wangu. Rangi ya kiwandani haiponi. Ikiguswa mara moja, si ile tena."

Nikadhani nitasahau. Lakini jana mtoto alijikwaa kwenye kisiki cha ule mti, goti likachunika vibaya, nikamkimbilia, na yeye halii, ameuma midomo. Akaniambia, "Usikimbie, mama. Sijaligusa gari. Mimi nitapona, gari haliponi."

Ndipo nikatoa begi. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ananiambia, "Umwache mume kwa ajili ya rangi? Watu utawaambia nini?" Na kweli niwaambie nini, halewi, hanipigi, na bado nampenda. Nimechoka, shangazi, nimechoka mpaka machozi hayaji. Niondoke, au nikae nilee watoto watatu, wawili wangu na mmoja mwekundu?

Mimi, Mwamia Ndege.

*

Mwanangu Mwamia Ndege,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimcheka mama yako na mkoba wake. Mara ya pili sikucheka. Pole kwa ile mvua.

Sasa kaa nikukaripie. Ulipoporwa nepi ulichana shuka. Ulipopewa fagio ulilipokea. Mama yako mzazi akawekeshwa mkoba chini na wewe ukacheka. Ufa uliutazama mpaka ukawa mlango, na mlango huo mwanao ndiye aliyepitishwa. Ulivyotoka mvuani bila kungoja ndivyo ulivyotakiwa kutoka siku ya mti.

Lakini hiyo kauli ya mumeo haipiti hivihivi. Yeye ni nani? Fundi wa rangi. Watu wanamletea magari yaliyochubuka na yanatoka gereji mazima. Unga wenu unatokana na rangi kupona. Katika watu wote wa dunia hii, yeye ndiye asiye na ruhusa ya kusema rangi haiponi. Si ile tena, anasema. Haya, si ile. Na pumzi ya mtoto ikikatika, ataipiga upya kwa bomba lipi?

Namwonea huruma kijana wa viatu vyenye karatasi, kweli namwonea. Ila amekosea hesabu. Kitu chake kipya cha kwanza hakikuwa gari. Ni huyo binti. Hakumrithi kwa kaka yeyote.

Nenda kwa mama yako. Usitoroke, ondoka mchana kweupe, na kabla hujaondoka mwite shemeji yako, yule mwenye viatu, akae na mumeo wasikie wote. Usimtukane mtu. Sema tu maneno ya mtoto kama alivyoyasema, neno kwa neno, kisha funga mdomo. Wifi yako akiuliza, mpe hayohayo. Dawa ya kuvuta iwe mbili, moja begini na moja kwa bibi yake, na namba ya yule muuza maziwa usiipoteze.

Mumeo akija kuwachukua, aje na gari hilohilo, hata kama mvua inanyesha, na mtoto apande na viatu vyake vya matope. Akija kwa teksi, mpe chai, mwambie njia anaijua. Anaweza asije kabisa. Hilo sikufichi, na usikae dirishani kulisubiri.

Ila leo, kabla ya begi, mkalishe binti, lioshe goti hata kama limeshakauka, na umwambie kulia ni ruhusa. Umngoje mpaka alie. Mtoto wa miaka minne anayeuma midomo asilisumbue gari, huyo ndiye aliyekwaruzwa.

Nepi zako zibebe zote, hata zile zenye polishi. Pete iache kwenye kikombe. Ataikuta mwenyewe siku atakayotafuta kijiko.