Bronka Yuko Mwaka Gani Leo?

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Daftari jipya. Lile la zamani lilijaa magoti yangu na kelele za jirani wa juu. Hili naanza na vita. Vita vya dunia! Mimi Khatoon, shule sikuikanyaga, kuandika nilijifunza ukubwani kwenye darasa la ngumbaru pale Usa River. Mhindi peke yangu darasani, mtoto mgongoni, kalamu nimeishika kama mwiko. Na sasa nasoma habari za majenerali. Nacheka peke yangu jikoni.

Sababu ni Bronka, mlango wa pili. Mpolandi, miaka tisini na moja. Vita vilimfikisha Tengeru, karibu na kwetu Arusha, kwenye kambi ya wakimbizi. Alikulia pale, ndiyo maana Kiswahili anakijua. Miaka yote hii hapa Mount Dennis, Kanada, tumesengenya jengo zima ndani ya lifti na hakuna aliyejua. Raha iliyoje! Lakini tangu kiangazi kichwa chake kinarudi nyuma. Kiingereza kimemtoka chote, kama maji kwenye chujio. Kimebaki Kipolandi na Kiswahili. Binti yake Irena, Kipolandi chake ni cha kusalia tu. Kwa hiyo mkalimani ni mimi.

Irena kaja leo, macho yamevimba. Wamepata nafasi kwenye nyumba ya wazee wa Kipolandi, Mississauga. Wameingoja sana. Ahamie Jumatano ya wiki ijayo, la sivyo anapewa mwingine. Na hapa hawezi kubaki, juzi taulo limewaka juu ya jiko. Tatizo: akiambiwa achukue mzigo atoke, anashika fremu ya mlango kwa mikono miwili na kupiga mayowe. Irena anasema eti ananisikiliza mimi. Nikamwambia, mwachie Khatoon.

Domo langu hili!

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda na chapati. Nikasema, Bronka, gari linakuja kutuchukua. Akanitazama kama nina bunduki.

"Baba wamemgeuza uso ukutani," ananiambia. "Mama anafunga cherehani kwenye shuka. Wametupa nusu saa."

Nani hao? Warusi, anasema.

Nikarudi kwa Sabika, mjukuu wangu, anasoma chuo, anakaa nami na huniita Nanima. Warusi wametoka wapi? Adui si alikuwa Hitla? Sabika hueleza kwa Kiingereza, mimi namkatiza kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Kumbe Mjerumani aliingia Polandi kutoka magharibi, hata mwezi haujaisha Mrusi naye akaingia kutoka mashariki. Wakagawana nchi ya watu kama keki. Halafu Mrusi akapakia familia kwenye mabehewa ya ng'ombe, akazipeleka Siberia kukata miti. Baadaye huyo huyo Mrusi akawa rafiki wa Mwingereza!

Nikamwambia usinifanyie mzaha, mimi mtu mzima.

"Nanima, siyo mimi niliyepanga!"

Basi Bronka hakatai kuhamia Mississauga. Anakataa kupanda lile behewa. Na mimi nimesimama mlangoni na chapati zangu nikimhimiza apande. Mjinga mkubwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata njia! Ukimuuliza ni mwaka gani anakasirika. Muulize amekula nini.

Akisema mkate mweusi, yuko Siberia. Akificha chapati chini ya mto pia ni Siberia, usimguse. Akisema wali na tende, yuko Uajemi. Maana Mjerumani alimgeukia Mrusi, mwaka arobaini na moja, na Mrusi akawahitaji Wapolandi akawafungulia, wanaume wakawa wanajeshi. Wakashuka kusini, wengine kwa treni, wengine kwa miguu, wakifa njiani. Mdogo wake Bronka amezikwa Uajemi. Wengine wakapakiwa meli kuja Afrika. Akisema ndizi, ah! Hapo yuko Tengeru. Nyumba za duara, mlima Meru dirishani, watoto wa Kizungu peku wanakuja dukani kwa baba yangu kutaka peremende. Akiwa Tengeru ananiita Mama Duka, na yuko radhi kwenda popote.

Sabika amebandika ramani kwenye friji. Napita na kijiko mkononi, naonyesha: hapa Stalingradi, Mjerumani aliganda na kuanza kurudi kinyumenyume. Hapo ndipo vita viligeuka. Naongea kama nilikuwepo. Hata kuzaliwa nilikuwa sijazaliwa!

Mpango: Jumatano ijayo Bronka awe kwenye ndizi. Sabika kauliza, na ukimkosa? Nikamwambia jenerali haulizwi maswali.

Jumamosi, 8 Novemba

Majaribio. Ndizi mbichi nimezipata kwa mama mmoja Mjamaika mwenye duka. Si mshare wa kwetu, lakini nimezipika na nyama na kuziponda vizuri. Bronka kala sahani mbili, kalamba kijiko.

"Mama Duka, umesikia? Wanajeshi wetu wamekitwaa kile kilima Italia! Baba yuko kule. Leo kambini tunacheza."

Akasimama. Akanishika kiuno. Tukacheza, yeye na nyonga yake ya chuma, mimi na magoti yangu, mpaka wa juu akagonga sakafu. Acha agonge!

Irena alikuwa mlangoni na masanduku. Alicheka, halafu akakaa chini kwenye sanduku moja na kulia. Nikamlisha ndizi naye. Mtu anayelia hawezi kulia na kumeza, lazima achague.

Mimi ni fundi. Nasema kweli, serikali haikuniona tu.

Jumanne, 11 Novemba

Fundi! Mwoneni huyu fundi.

Televisheni ya Bronka inaonyesha wanajeshi wazee, maua mekundu kifuani, tarumbeta. Alikuwa mtulivu, ameshakula ndizi zangu. Akauliza tarumbeta za nini. Ningesema sijui. Ningesema harusi! Lakini hapana, Khatoon amesoma ramani ya friji.

"Vita vimeisha, Bronka! Tumeshinda!" Na vigelegele nikapiga.

Akauliza, "Kwa hiyo tunarudi nyumbani?"

Ndiyo, nikasema. Kesho gari linakuja.

Uso wake ukaporomoka wote. "Nyumbani wapi? Kwetu wamempa Mrusi. Redio imesema. Tunarudi wapi, Mama Duka?" Akaingia bafuni, akafunga komeo. Nilikaa sakafuni nje ya mlango nikimbembeleza mpaka miguu ikafa ganzi, na Irena akaja kuninyanyua kama gunia.

Sabika kaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Wakubwa watatu, Mrusi na Mwingereza wamo, walikutana kando ya bahari kabla vita havijaisha, wakachora mpaka upya. Kijiji cha Bronka kikabaki kwa Mrusi. Dunia nzima ilipiga kengele siku ya ushindi. Wapolandi wa Tengeru walikuwa hawana pa kurudi, ndiyo maana wakatawanyika mpaka huku Kanada.

Halafu kaongeza: tarumbeta za leo, Nanima, ni za kukumbuka askari waliokufa, na asili yake ni vita vya kwanza.

Kwani vilikuwa vingapi!

Stalingradi naijua. Kilima cha Italia nakijua. Kuuliza vita viliishaje sikuuliza. Niliona mwisho wa vita ni mwisho wa vita, kama mwisho wa kufua nguo.

Jumatano, 12 Novemba

Naandika garini. Daftari liko kwenye mkoba pamoja na dawa za presha, mwandiko wenyewe unaruka.

Asubuhi nilibeba sufuria ya ndizi. Hakugusa. Alikuwa ameshavaa koti, amekaa kitandani. Nikauliza, umekula nini?

"Tende. Tunangoja meli."

Uajemi! Mpango wangu wote chini. Irena kasimama na funguo, ananitazama. Nikauliza, meli inakwenda wapi?

"Wanasema Afrika. Kuna simba huko?"

"Wachache," nikasema. "Wavivu tu."

"Wewe unatoka huko?"

"Mimi wa huko huko. Nimekuja kukuchukua."

Akainuka. Mlangoni mkono ulienda kwenye fremu, nikaona vidole vinashika. Vikaachia. Akashika mkono wangu badala yake, na hajauachia mpaka sasa. Kwenye gari hakukubali mlango ufungwe mimi nikiwa nje. Basi nimepanda. Malapa, gauni la nyumbani, sweta la Sabika, ndizi mapajani. Sabika kapiga simu: Nanima uko wapi? Nikamwambia niko baharini.

Bronka kauliza kama huko Afrika kuna shule. Ipo. Kama mama yake atatukuta. Nikasema anakuja na meli ya nyuma. Mungu anisamehe, imetoka rahisi mno.

Amesinzia begani kwangu. Irena anaendesha polepole, foleni ndefu. Anasema tumekaribia, anauliza mama yuko wapi saa hizi. Njiani, nimemjibu.

Theluji imeanza kuanguka. Kubwa, inagonga kioo. Akifungua macho akaiona, hatutakuwa tena safarini kwenda Afrika, tutakuwa Siberia. Nimevua sweta nimemfunika uso na dirisha lake. Anajigeuza.