Nusu ya Marehemu Kihwele

Victor, weka chai chini usome. Komba wetu kanipigia simu sasa hivi kutoka baa.

Unakumbuka msiba wa Eddie Kihwele? Komba Mngoni, Eddie Mhehe, watani wa miaka thelathini, kila Alhamisi sigara moja nene, ile yenye pete ya karatasi kiunoni, nusu kwa nusu. Basi pale msibani Komba akatumia haki ya mtani kuchukua kitu cha mfiwa kwa mzaha: akachomoa sigara kwenye koti la marehemu. Binti wa Eddie, Tatiana, mzaliwa wa huku ughaibuni, utani haujui. Akalia kwa Kiingereza kwamba baba yake anaibiwa. Tangu siku hiyo Komba hapati usingizi: je, kama kweli ameiba?

Leo mchana kakaa uani kwa ile baa ya Thornton Heath, meza yao ile ile, akaiwasha. Laini, anasema. Inaanza kama maziwa, inafuata kahawa, koo hailikwaruzi. Akaipa alama nane kwa kumi.

Moto ukakaribia ile pete ya karatasi, akaivua. Victor, ndani kuna mwandiko wa Eddie!

"Mngoni mwizi, nilijua utaichukua. Nusu yangu."

Nusu yangu! Na Komba keshaivuta kupita nusu!

Akailaza sigara kwenye kisahani, ikielekea kiti kitupu. "Haya malizia, Mhehe mbishi wewe."

Sigara isiyovutwa huzimika. Hii, anaapa, iliwaka mpaka mwisho, na upepo hakuna.

Kampigia Tatiana aje aisome pete mwenyewe. Binti yuko njiani. Komba kaagiza kiti cha tatu.

Kile cha pili, anasema, kina mtu.