Oista, Anasema Baba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu, ingawa salamu zake zimechanganyika na manung'uniko, maana tangu ukate simu siku ile hujapiga tena.

Najua umenuna. Umesubiri Baba akuongeleshe tangu ulipoiacha kazi aliyokutafutia kule jikoni kwake hotelini, na siku anashika simu anakutajia oista. Kiingereza cha jikoni, maana yake chaza, wale wale waliokushinda kuwafungua. Hata mimi ningedhani nasimangwa.

Kaka, hilo ndilo neno pekee alilobaki nalo. Tulikuambia kiharusi kimemlegeza mkono. Habari ya ulimi tulikuficha, Mama akihofia utaacha kila kitu urudi mbio. Daktari anasema maneno mengine yote yamegoma kutoka. Shangazi alipomsikia, alizunguka mji mzima kumtafutia chaza. Baba alionja tu, akatema kwenye shuka! Miaka yote akiwafungulia wageni, kumbe mwenyewe hawapendi.

Sasa tumezoea. Oista ya haraka ni maji. Ya kuvuta ni dirisha lifunguliwe. Mama akizidisha chumvi anapigiwa oista tatu mfululizo, naye hujibu kwamba jiko liko pale, mpishi asimame. Wanacheka wote wawili.

Lakini yako hatukuielewa. Ulipokata simu, Baba hakuitoa sikioni. Tangu hapo kila jioni anaionyesha na kulisema neno lake polepole, macho yamejaa machozi. Juzi nikakaa kitandani pake, nikaanza kubahatisha. Nikamwuliza kama bado ana hasira nawe. Akatikisa kichwa. Kama anataka urudi hotelini. Akakataa kwa nguvu mpaka mto ukaanguka. Nikasema basi labda anataka kukuomba msamaha.

Baba akaitikia kwa kichwa, kisha akanishika mkono akalia, nami nikalia naye.

Basi piga, Kaka. Usimwulize kitu, mwitikie tu. Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Baba yuko hapa ubavuni, amejua namwandikia nani, naye anasema oista, polepole.

Mdogo wako,
Kifaranga