Mtu Niliyemwona Pichani Garsen

Wenje, mwezi wa Rajabu

Kwa mamangu mpenzi Bi Amina, nyumbani Kipini.

Mamangu, shikamoo. Naibusu mikono yako kutoka huku mbali. Kile kikohozi kimekuacha ulale? Na magoti, bado yanakukataza kupanda ngazi ya msikiti wa wanawake? Kila nikiamka nakuona umekaa barazani unasokota ukili, na ninajiuliza nani siku hizi anakuchotea maji. Mimi mwili wangu ni mzima. Zaidi ya mwili sina la kukuambia lililo zima.

Najua anayekusomea ni kaka Shee. Kaka, nakuomba kwa ziwa tulilonyonya wote wawili, soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mahali kwa kumhurumia mama wala kwa kunikasirikia mimi.

Mmesikia kwamba nimeondoka Garsen bila kuaga, na Bwana Abdalla amekwisha leta posa, na mimi mwenyewe nilikwisha kubali. Mliyoyasikia ni kweli. Lakini Omari yu hai. Mume wangu tuliyemsomea hitima, aliyeswaliwa bila jeneza, yu hai hapa Wenje, na mimi nakaa naye nyumba moja. Bado sijui kama nimempata au nimempoteza mara ya pili.

Mnajua jinsi alivyopotea. Mto ulikuwa umejaa, akapanda na mtumbwi wa chumvi, sukari na nguo, yeye na mwenzake Salimu. Salimu akaokotwa amekufa, mtumbwi ukapatikana umenasa katika matete, na Omari hakuonekana. Nilikaa eda Garsen, nikavua nguo za eda, nikabaki pale pale. Mliniita nyumbani nikakataa, na sababu sikuweza kuieleza. Sasa nasema. Niliona nikiteremka Kipini nitakuwa nimemwacha mtoni peke yake.

Nikajiunga na Mama Komora, yule Mpokomo wa Kulesa ambaye kaka Shee alimkuta alipokuja. Tulikuwa na hoteli yetu ndogo kando ya kivuko, makuti juu na mabenchi mawili, na watu walikuja. Mama, hungeamini mtu aliyefiwa anaweza kupika vile. Kambare wa kuchoma tuliwapaka ukwaju, ndizi mbichi tukazipika kwa nazi, wali wa mpunga wa huku huku deltani unaonukia kabla hujaufunua. Waorma walikuja na vibuyu vya maziwa lala, tukabadilishana kwa mkate wa mofa niliofundishwa na wewe. Asubuhi kivuko kikichelewa, pande zote mbili za mto watu wanangoja, na waliokuwa upande wetu wanakula, na wa upande wa pili wanatupigia kelele tuwabakishie. Kulikuwa na siku nilicheka. Nilikuwa nikicheka, kisha nasikia aibu.

Ndipo wakaja wale Wazungu, mume na mke, na mashua yao kutoka juu mtoni. Mume alikuwa akipima maji, mke alikuwa mchoraji. Karani wa serikali akampa banda la pamba, maana pamba ilikuwa haijaletwa, akatundika picha zake kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa. Watu wa mto nao wakaambiwa walete kazi za mikono yao ziwekwe chini ya picha: mikeka, vyungu, ngoma za Wapokomo, na vile vyombo vya maziwa ambavyo wanawake wa Kiorma huvisuka kwa mizizi mpaka havivuji. Maonyesho, walisema. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipita mlangoni akasema kuchora sura za watu ni dhambi, akaondoka, kisha akarudi kutazama.

Yule memsabu mchoraji alituagiza chakula cha wageni wake. Nilipeleka sinia la wali na Mama Komora akabeba samaki. Banda lilijaa. Mzee mmoja Mworma alisimama mbele ya picha akisema, "Huyu ng'ombe yangu. Pembe hii mimi naijua. Nani alimpa ruhusa?" na watu wakacheka, naye hakuwa akicheka. Wanawake walijitafuta, wakajipata, wakavutana mikono. Ilikuwa furaha, mama. Nilitua sinia, nikafuta mikono, nikasema na mimi nitazame kidogo.

Picha ya pembeni ilikuwa ya mwanamume amekaa chini, anasuka mgono wa kunasia samaki. Blanketi limefunika miguu yake. Kichwani amevaa kofia niliyoishona mimi, ile ya vito vya uzi wa bluu.

Nilijiambia kofia huokotwa. Maiti huvuliwa kofia, mto huchukua kofia ukaipeleka kokote. Lakini kisu alikishika kwa mkono wa kushoto, na mdomo alikuwa ameuuma upande mmoja, vile anavyouma Omari anapofanya kazi ndogo ya vidole. Hakuna mto unaochukua mdomo wa mtu ukampa mwingine.

Nikamwita karani anifasirie. "Muulize mtu huyu alikuwa wapi."

Memsabu akatazama nyuma ya picha. "Wenje," karani akasema.

"Muulize alikuwa mzima?"

Wakazungumza kwa kitambo. Karani akanigeukia, uso wake umebadilika. "Anasema alikuwa akila, akisema na watu. Lakini wakati wote wa kumchora hakuinuka hata mara moja."

Nikaomba picha ile. Niliomba mpaka watu wakaniona sina haya, nikashika mkono wa yule memsabu. Alisikitika, naamini, lakini alisema picha zote zinakwenda naye kwao, amekwisha ahidi. Kwa hiyo sura ya mume wangu imesafiri kwenda kutundikwa katika nyumba ya watu wasiojua jina lake, na mimi sikupewa hata kipande cha karatasi.

Mama Komora alifunga hoteli. Ana shangazi yake Wenje, na kuna lori linalopeleka unga juu, tukapanda juu ya magunia. Likatushusha njiani tukatembea kwenye vumbi mpaka migombani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno nitakayomwambia. Nilipomwona yote yakapotea.

Alikuwa amekaa juu ya ngozi nje ya nyumba ya Mzee Buya. Mzee Buya ni mkulima wa hapa, Mpokomo, Mwislamu mwenzetu, mtu wa maneno machache. Omari akainua macho. Hakushtuka kama mtu aliyeona asiyemtarajia. Alishtuka kama mtu aliyekuwa akijificha akaonekana. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta blanketi.

Nikasema, "Omari."

Akasema, "Nani amekuambia?"

Mama, sikuuliza afya yake, sikulia. Nikainama nikalifunua lile blanketi mwenyewe. Mguu wa kulia unaishia chini ya goti. Ni mamba. Mtumbwi ulipopinduka alikuwa karibu na ukingo, karibu sana, na Mzee Buya alikuwa shambani na wanawe, wakamvuta huku mamba anavuta. Maji yalikuwa yamefunga njia zote, hakuna wa kumpeleka kwa daktari. Mguu ukaoza, na hapa hapa wakaukata. Mzee Buya alinieleza haya baadaye, akitazama pembeni. Omari hajanieleza hata leo.

"Ungetuma neno," nikamwambia. "Malori yanapita. Ungetuma neno moja."

"Ulikuwa mjane," akasema. "Mjane huolewa. Mke wa kiwete haolewi."

"Na mimi nilikuambia nataka kuolewa?"

"Esha, mimi kazi yangu ni mtumbwi. Mtu akae chini umlishe mpaka afe? Wewe bado kijana." Akakohoa. Kisha akasema waziwazi, mbele ya Mzee Buya na mbele ya Mama Komora, "Nimekuacha. Talaka moja."

Akafungua kinywa tena. Nilijua anataka kuongeza, amalize kabisa mlango usibaki na ufa. Mzee Buya akamwekea mkono begani akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe ngoja. Maneno ingine sema ukishakula. Hapa kwangu mtu hasemi hivyo na njaa."

Wakaleta ugali na mboga ya kunde. Tukala, ndiyo, tulikula. Na chakula kilipokwisha Omari hakusema tena. Talaka ikabaki moja.

Mama Komora ndiye aliyekwenda kumwita mwalimu wa hapa. Mwalimu akasikiliza, akasema, mwanamke aliyeachwa talaka moja eda yake huikalia nyumbani kwa mume, wala mume hana ruhusa ya kumtoa. Omari akasema upesi, "Mimi sina nyumba. Nyumba ni ya Mzee Buya."

Mzee Buya akaonyesha kibanda cha nyuma. "Ile nani analala?"

"Mimi."

"Nani alijenga?"

"Wewe."

"Mimi nilijenga, mimi nimempa wewe. Leo. Mwalimu amesikia." Akainuka akaenda shambani.

Ndivyo nilivyokaa, mama. Mama Komora alirudi Garsen analia kwa niaba yangu.

Msifikiri nakaa kwa raha. Mwezi umekwisha kuandama mara mbili tangu siku ile, ukiandama wa tatu eda yangu imekwisha. Mpaka iishe anaweza kunirejea kwa neno tu, bila mahari, bila harusi. Ikiisha nimekuwa ajnabi kwake. Na neno hilo halisemi. Anakaa na migono yake, ananipa mgongo. Mpita njia akiuliza huyu mwanamke ni nani, anajibu, "Mgeni wa Mzee." Nimesikia kwa masikio yangu nikiwa ndani, napepeta mchele.

Na kidonda kimefunguka tena. Kinatoa maji, harufu yake naijua hata nikiwa shambani. Homa inampanda jioni. Dresa, yule mfunga vidonda wa serikali, alipita akasema apelekwe hospitali Malindi kabla mvua hazijaharibu njia, la sivyo hakuna atakayeweza kusaidia. Omari akamwambia asante, akaendelea kusuka. Nimemsihi. Nimemtumia Mzee Buya, nimemtumia mwalimu. Nikamwambia, "Basi niache kabisa, uende hospitali, ndiyo mahari yangu." Akaniambia nimsogezee kisu. Anachotaka, nadhani, ni kumaliza upesi ili niwe mjane wa kweli, na hapo ahesabu amenitendea wema. Nawezaje kupigana na mtu anayejiua kwa kunipenda? Nikiswali sijui niombe lipi kwanza, mguu au neno.

Juzi tu kilitokea kitu kimoja. Nilipata kambare mzuri, nikampika kwa nazi na ukwaju kama nilivyokuwa nikipika Garsen. Nikamwekea mbele yake nikaondoka, maana nikikaa hali. Niko mekoni nikasikia sauti yake.

"Chumvi imezidi."

Hilo tu. Nikaja mlangoni nikasimama. Hakunitazama, alikuwa amepinda juu ya sahani. Lakini tangu nifike huku kila chakula ninachompa husema ahsante, kama anavyosema mgeni, na sahani hurudi nusu. Mgeni hamwambii mtu chumvi imezidi. Nikasema, "Kesho nitapunguza." Akasema, "Hm." Na sahani ilirudi tupu. Nilikwenda nyuma ya migomba nikalia mpaka wanawake wakadhani amefariki.

Najua si kitu. Jana alirudi kuwa kimya, na homa ilikuwa kali zaidi. Nawaandikia kwa sababu sina mwingine wa kumshika nguo.

Kaka Shee, usije kunichukua. Ukija utakuwa umemsaidia kufanya analolitaka. Kama utakuja, njoo umchukue yeye, mbebe mabegani hata akikutukana, umpeleke Malindi. Wewe ni shemeji yake, mlivua pamoja, atakuonea haya kuliko anavyonionea mimi. Lori la unga hupita Garsen kila wiki, Mama Komora atakuonyesha. Njoo upesi, nduyangu. Najua nimekuaibisha kwa Bwana Abdalla. Mrudishie posa yake kwa heshima, umwambie hakudharauliwa, mume wa mtu amepatikana. Unipige baadaye ukitaka.

Mamangu, nisomee Yasini, na mguu wa Omari uutaje katika dua, bila haya.

Nisalimie shangazi yetu aliyenitoboa masikio, na mke wa kaka Shee, nimesikia ni mzito, Mungu amjaze nguvu. Nisalimie ami yetu mwadhini. Nisalimie mama yake Salimu, mwambie mwanawe nilimshonea sanda yake kwa mikono yangu. Mama mkwe wangu usimwambie kitu bado. Amekwisha mlilia mwanawe mara moja, na mara ya pili sina moyo wa kumtakia.

Barua hii anaichukua dereva wa lori anayengoja nje, ananiita.

Ni mimi mwanao, Mwana Esha, mke wa Omari mpaka mwezi uandame.