Na Shingo Bure

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemkata mteja. Mimi! Miaka ishirini na sita nashika wembe, sijawahi kumtoa mtu damu ila ya chunusi. Mwalimu mstaafu, yule wa kila Jumatatu asubuhi — chini ya sikio, mkato mdogo tu, lakini damu ni damu. Nikamwambia alikohoa. Hakukohoa. Anajua hakukohoa, najua hakukohoa, na bado yeye ndiye akaniomba radhi. Nimejiona mtu wa hovyo kabisa.

Vidole vimekuwa vya mtu mwingine. Asubuhi mama watoto alinifunga vifungo vya shati, nikasingizia haraka. Haraka ya kwenda wapi, saluni iko ukuta wa pili? Hata kalamu hii nimeizungushia plasta ndipo ishikike, na mwandiko ni kama kuku kapita juu ya karatasi.

Jioni, baada ya kufunga, Chapuchapu alininyoosha shingo kama kawaida. Huyu mdogo wangu jina la kazini limemkaa: ananyoa vichwa vitatu mimi nikiwa bado kwenye kimoja. Tunanyooshana kila jioni, yeye mimi, mimi yeye. Kulia — kaa! Kushoto — kaa! Pingili zinalia mpaka nje. Tumeyarithi kwa baba pamoja na viti. Ukutani kwa nje kumeandikwa: KUNYOA, NDEVU, NA SHINGO BURE. Kuna watu wana upara mtupu, wanakuja kwa ajili ya shingo tu.

Leo alipogeuza kushoto, umeme ulinipita kutoka kisogoni hadi visiginoni. Umeme kabisa! "Vipi, kaka?" Nikasema safi.

Alhamisi, 6 Machi

Miguu nayo. Ngazi tatu za mlangoni nimezishuka nikiwa nimeshika ukuta. Magoti hayakunjiki inavyotakiwa, nyayo kama zimevaa soksi za sufu tatu tatu. Halafu nikajiona kwenye kioo kikubwa cha saluni nikitembea — miguu imeachana, shingo imesimama wima. Nikamwona baba.

Baba alitembea hivyo miaka yake ya mwisho. Mtaani walimwita Gwaride. Wengine walisema analewa, na hata siku moja hakuonja pombe. Sisi wenyewe tulimuigiza koridoni, mimi mbele, Chapuchapu nyuma, mama anatukemea huku anacheka. Alikufa kitandani, mikono haiwezi kushika kikombe, tukasema ni uzee. Uzee gani, alikuwa na miaka sitini na moja! Mimi nina hamsini na tatu. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi

Hospitali. Mama watoto kanipeleka kama mtoto wa chekechea, fomu zote kashika yeye.

Daktari wa upasuaji ni binti mdogo, umri wa kifungua mimba wetu, lakini mkono wake umetulia — kinyozi hilo ndilo huliona kwanza. Kanigonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka, nusura nimpige teke. Akabana ukucha wa kidole changu cha kati, akauachia. Kidole gumba kikaruka chenyewe, wala sikukituma. Kisha: funga ngumi, fungua, haraka uwezavyo, sekunde kumi. Mwenye afya anavuka ishirini. Mimi nimepata tisa.

Tisa!

Akauliza kama kuna mtu ananikanda au kunizungusha shingo. Nikasema hapana. Sijui kwa nini. Mama watoto alinitazama, kesi ikahamia nyumbani. Amenisema njia nzima.

Kesho naingizwa kwenye lile bomba la kupigia picha.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu. Nayaandika kama alivyosema, nisije nikayapindisha.

Ndani ya shingo, nyuma ya miili ya pingili, kuna kano inayoshuka kama utepe. Kazi yake kuzishikilia pingili zisichezecheze. Kwa watu wote ni laini. Yangu imegeuka mfupa. Mfupa kweli! Imenenepa kuelekea ndani, kwenye njia ya uti unaobeba amri za mikono na miguu. Nimeuona kwenye picha: unashuka vizuri, ukifika katikati ya shingo umefinywa kama tyubu ya dawa ya meno.

Nikamuuliza nimefanya nini. Akasema hujafanya kitu. Sababu hasa wataalamu bado wanaitafuta. Sukari na unene huchangia kwa wengine, lakini mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Akauliza habari za baba. Nikamweleza ule mwendo, na lile jina la Gwaride. Hakucheka.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote — saluni, kulia kaa, kushoto kaa, kila jioni. Akaweka kalamu chini. Kunyooshana si ndiko kulikoleta mfupa, alisema. Ila kwa shingo hii, zungusho moja baya, au kuteleza tu bafuni, unaweza usiinuke tena. Na ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe.

Dawa ya kuyeyusha hakuna. Ni kisu. Kwa kuwa mfupa umeenea pingili nne, ataingia kwa nyuma: anakata ukuta wa nyuma wa kila pingili upande mmoja, anaufungua kama mlango, anauzuia kwa vibati vidogo vya chuma usijifunge. Uti unapata nafasi ya kurudi nyuma. Mfupa wenyewe anauacha pale pale. Nikauliza, vidole vitarudi? "Nakufanyia ili usipoteze zaidi, mzee wangu. Kitakachorudi, tutashukuru." Na kuna wachache bega hugoma kuinuka, miezi, pengine moja kwa moja. Bega! Kinyozi bila bega ni nini?

Mama watoto hakunisubiri nijibu. Kachagua tarehe ya karibu kuliko zote, ishirini na tano.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia Chapuchapu. Nilipanga maneno vizuri, yakatoka ovyo. Alichosikia ni kwamba mikono yake ndiyo imenivunja. Akasimama, kiti kikaanguka. "Kwa hiyo mimi ndiye nimekulemaza?" Nikasema hapana, tumeipata kwa baba. "Sasa unamsingizia marehemu!" Nikamwambia kapimwe. Akajipiga kifua: yuko fiti, madaktari kazi yao ni kukata, na tukilala wote wawili nani atafungua saluni?

Namjua huyu. Akiogopa hupiga kelele. Alikuwa hivyo hivyo siku za chanjo shuleni.

Jumatano, 19 Machi

Wateja wawili wamedai shingo. Nimekataa. Mmoja kaniambia nimezeeka vibaya.

Nimezungusha vichwa vingapi miaka yote hii? Kila kimoja nimekitia nguvu bila kujua ndani kuna nini. Kuna mzee mmoja, fundi viatu, nilipomgeuza alisema mikono imekufa ganzi. Akacheka, mimi nikacheka. Hakurudi tena. Nilidhani kahamia kwa kinyozi mwingine. Leo nimemkumbuka siku nzima, na sijui hata alikuwa anakaa wapi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekuta maneno NA SHINGO BURE yamepakwa rangi nyeupe. Chapuchapu huyo. Ndiyo namna yake ya kuomba msamaha, nimeipokea.

Lakini kazi ya kipofu! Rangi imepanda mpaka kwenye NDEVU, nyingine imemwagika ngazini. Uvivu umemwingia. Wembe kauweka kando, kila kichwa mashine, eti vijana hawataki wembe. Shati hana, ni fulana tu na ndala. Hata harusi ya mpwa wetu alikuja na fulana. Nikipona tutaongea.

Jumatatu, 24 Machi

Nimelazwa. Kola ya shingo iko mezani, inanisubiri. Sahihi yangu ilikataa kutoka, karani akaniletea wino niweke dole gumba. Mtu niliyesoma!

Nimemwambia mama watoto ninachoogopa: niamke niwe siwezi kumshika. Akasema, "Basi nitakushika mimi." Kisha akanigombeza kwa nini sijanywa uji. Nimeunywa wote.

Jumanne, 25 Machi

Nesi kaja na mashine kuninyoa kisogo. Nimekataa. Tangu baba afe hakijaguswa na mtu ila mdogo wangu. Nesi akasema wagonjwa wa aina yangu ndio wanaomzeesha, lakini akampisha mdogo wangu, aliyekuja kuniaga.

Chapuchapu alichukua muda. Nilihisi mashine ikiruka. Ikaruka tena. Mara ya tatu ikamponyoka, ikaanguka kitandani. "Mashine yao mbovu hii!" Mama watoto kanipiga picha kisogo kwa simu, akanionyesha. Nywele ngazi tupu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hanyoi hivi.

Nikatazama ndala zake. Fulana yake. Nikaikumbuka ile rangi ukutani.

"Mdogo wangu, funga ngumi, fungua. Haraka. Mimi nahesabu."

"Kaka, saa hizi ni za michezo?" Lakini mama watoto alishaelewa, macho yakiwa kwenye saa. Akaanza kwa mbwembwe, mkono juu, kama anavyofanya wateja wakimtazama. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne mbwembwe ziliisha. Kidole cha mwisho kilikuwa kinakawia kufunguka, naye anakitazama. Saba. Nane.

Kumi na moja.

Kitanda cha magurudumu kiko mlangoni. Pete kanivua mama watoto. Nesi anataka na kalamu — nimeomba dakika moja. Chapuchapu amekaa kwenye kiti cha wageni, sasa ni mkono wa pili, anafunga, anafungua, midomo inahesabu. Akimaliza anaanza upya. Nimemwambia akifika ishirini aniambie.

Hajaniambia